Jiko Limefungwa

Benchi lenyewe zamani lilikuwa mlango. Mlango wa ghala, uliong'olewa ukalazwa juu ya matofali kando ya meza ya fundi simu, watu wakaanza kuukalia na hakuna aliyewakataza. Kitasa chake bado kipo katikati, na sheria ya kijiwe ni kwamba aliyechelewa ndiye anayekalia kitasa. Jioni hiyo kilimwangukia Tani. Tani si jina alilopewa na mama yake, lakini kijiwe gani kingemwona mtu wa mwili ule kikamwachia jina la mama yake? Ni fundi vigae. Kazi yake yote ni ya kupiga magoti, na magoti yamegoma. Daktari alimweleza kwa upole kwamba magoti hayana kosa, yamechoka tu kubeba watu wawili, hivyo apunguze mwili, na kwanza kabisa aache kula usiku, la sivyo atafute kazi ya kukaa. Tani hajui kazi nyingine. Akaacha kula usiku, na tangu aache amegundua kwamba nyumbani kwake kuna mtu anakula.

— Anakula nani? — aliuliza Hakimu.

Huyu Hakimu hajawahi kuhukumu hata kuku. Alikuwa tarishi wa mahakama mpaka akastaafu, ila mafaili aliyoyabeba kwapani miaka yote ile, kwa maelezo yake, yalimwingia mwilini.

— Ningemjua ningekuwa nimekaa hapa juu ya kitasa? — alisema Tani.

— Taratibu. Tuanze na eneo la tukio. Jiko umelifunga?

— Nimelifunga. Jua likizama tu natia kufuli, ufunguo nalala nao. Nilitangaza nyumba nzima: kuanzia leo, jiko limefungwa.

— Nyumba nzima ni nani na nani?

— Mimi na mke wangu. Watoto wana kwao siku hizi.

Rada, fundi simu, aliyekuwa ameinamia simu iliyopasuliwa tumbo, alisema bila kuinua kichwa:

— Ulipooa tulikupongeza kwamba umepata jiko. Kumbe ulikuwa unatafuta la kufunga.

Wakacheka, na Tani akacheka nao kidogo, kicheko cha mtu anayelipa kiingilio. Hakuwa na furaha. Moyoni alikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa na sura ya mwanamke aliyelala naye kitanda kimoja tangu alipokuwa kijana mwenye kiuno.

— Sikilizeni, — alisema. — Nimelala. Tumbo linanguruma, nahesabu mabati. Yeye anadhani nimesinzia. Anajitoa kitandani polepole. Asubuhi ukimuuliza anasema alikwenda kuanua nguo. Nguo gani hizo zinaanuliwa kila usiku? Hata mfalme hana nguo hizo. Anaingia bafuni, anafunga mlango, anafungua bomba. Basi, chini ya yale maji, nasikia mtu anatafuna.

— Anatafuna nini?

— Kitu kikavu. Kru. Kimya. Halafu tena, kru.

Hakimu alifumba macho kama anayepokea ushahidi mzito.

— Na jikoni?

— Kufuli zima. Sufuria haijaguswa. Lakini juzi nimekuta chembe kwenye ndoo ya kufulia. Chembe za mkate. Na mizani ya kliniki, mimi nisiyekula, haishuki hata kwa heshima. Birika, nitilie nyingine. Na sukari usiionee haya.

Birika, muuza kahawa, alimmiminia na kumwekea sukari. Tani akamtazama. Birika akaongeza.

— Kahawa si chakula, — Tani aliwaeleza wote, ingawa hakuna aliyeuliza. — Hii ni ya kuidanganya njaa mpaka asubuhi. Lakini nyumbani ndiyo mnayoyasikia. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

— Hapo umesema, — alisema Birika. — Mimi nitakwambia kitu, na usikasirike. Unaliwa kwa harufu.

— Naliwa?

— Unalishwa, samahani. Harufu ina mafuta. Mimi nanusa kahawa tangu alfajiri, usiku silali, na sijaonja hata tone. Ikiwa harufu ya kahawa inakesha ndani ya mtu, harufu ya mkate itashindwa kunenepesha? Anatafuna yeye, unanenepa wewe. Ndiyo maana mizani imekaidi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Anifanyie hivyo kwa faida gani?

— Mume mnene haendi mbali, — alisema Birika, akarudi kwenye makaa yake.

Wakati huo alifika mwanamke aliyevaa aproni ya kazini, mikono imekunjamana kwa maji, akampa Rada simu yake. Haichaji, alisema, na fundi wa kituo kinachofuata hajui kurudisha vitu vizima. Rada akalitazama tundu lake kwa taa, akamwambia akae kidogo, ni uchafu tu.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, — Birika alimkaribisha, wakasogeleana kumpa ncha ya benchi. Mwanamke akashukuru, akatulia, macho kwenye simu yake mkononi mwa Rada.

Hakimu hakupenda kesi ikatizwe na simu.

— Birika anazungumza hewa, mimi nazungumza vielelezo. — Akashika suruali ya Tani gotini, akaivuta juu ili wote waione. — Kikulacho ki nguoni mwako. Mlalamikaji hali usiku. Jiko la nyumba linatiwa kufuli jua likizama. Mkate umeonekana. Mkate haujioki. Kwa hiyo, mheshimiwa, mahakama inataka kujua: umetoka jiko la nani?

Tani akairudisha suruali yake mahali pake. Hilo ndilo neno alilolikwepa wiki nzima, na sasa lilikuwa limekaa benchini pamoja nao, tena bila kukalia kitasa.

— Anatoka kazini na mkoba wake, — alisema kwa sauti ya chini. — Siku hizi anaubana hivi, kwapani. Zamani alikuwa akifika anautupa kitandani.

— Umesikia mwenyewe. Na anarudi saa ngapi?

— Taa zimeshawashwa. Zamu yao ni ndefu, anafua mashuka ya hoteli.

— Anasema ni ndefu, — alisahihisha Hakimu.

— Ngojeni, — alisema Rada, na sasa aliinua kichwa. — Mnamsumbua mwanamke bure. Mzizi ni daktari. Daktari alikwambia utafute kazi ya kukaa. Kukaa juu ya nini? Kiti. Nani anauza viti mtaa huu?

— Yule bwana wa kona.

— Na yule bwana wa kona mkewe anatibiwa wapi? Mimi nawaachia hapo.

— Unatuachia wapi? — aliuliza Birika.

— Hapo hapo. Na hilo bomba pia mlichunguze. Maji yanakwenda mahali. Mtu akifungua bomba kila usiku, mwenzake upande wa pili wa bomba anajua. Ni kama kubipu.

— Mwenzake nani?

Rada akamgeukia Tani.

— Mtaa huu kuna fundi vigae mwingine?

— Yupo. Kale kajamaa kembamba, kanakaa nyuma ya mashine ya kusaga.

— Kembamba! — Rada aligonga meza, bisibisi zikaruka. — Kembamba kwa nini? Mtu hawi mwembamba bure. Wewe unanenepa, yeye anakonda, magoti yako yanaisha, yake mazima. Kazi zako zinakwenda kwa nani? Mwili wake umehamishiwa kwako, ndugu yangu, kidogo kidogo, kwa njia ya maji.

Hata Hakimu, aliyezoea kusikia viapo vya uongo, alihitaji kunywa kahawa kwanza.

— Penye miti hapana wajenzi, — alisema hatimaye, na kila mtu akatikisa kichwa kukubali, kwa maana ilisikika kama inahusika.

Tani hakuamini habari za maji. Lakini hofu haichagui chakula, inakula chochote, na alijiona anajiuliza kama kale kajamaa hakakuwahi kumsalimia mkewe kwa bashasha iliyopitiliza. Akauchukia moyo wake kwa kuuliza, akaendelea kuuliza.

— Nimeshampigia shemeji, — alisema.

Vikombe vikasimama njiani.

— Kaka yake mkubwa. Nimemwambia aje leo jioni, kuna neno juu ya dada yake. Nitamwita mke wangu mbele ya kaka yake, nimuulize. Akinijibu, sawa. Akishindwa, amchukue arudi naye kwao mpaka nijue nakaa na nani.

Hakuna aliyecheka. Ndoa ya Tani walikuwa wanaijua. Mkewe alishawahi kupita hapo akawaletea mwavuli siku ya mvua, mmoja kwa watu wote.

— Umefanya kisheria, — Hakimu alisema, lakini si kwa ile sauti yake ya mahakamani. — Andaa maelezo tu. Usilie mbele ya shemeji.

— Sitalia.

Alisema hivyo huku akiangalia pembeni, na pembeni ndiko alikokuwa yule mgeni. Mwanamke alikuwa ametoa kipande cha mkate mkavu mkobani, amekifunika kwa karatasi, anakula. Kru. Macho yake yaliufuata ule mkate ukienda mdomoni na kurudi, ukienda na kurudi. Mwanamke akaliona hilo. Akageuka taratibu, akawapa mgongo, akaukumbatia mkoba kwapani na kuendelea kutafuna akiwa ameinama, kwa meno ya mbele, kama anayeiba chake mwenyewe.

— Dada, — alisema Tani. — Kwa nini umegeuka?

— Nisamehe kaka. Nimesikia hapa kwamba umeacha kula jioni, nikaona unaniangalia mkono. Sikutaka kukutamanisha. Ningengoja nifike nyumbani, ila nimetoka zamu sasa hivi na tangu mchana sijatia kitu.

— Usijali, — alisema Birika. — Kula, mama.

Akamaliza haraka, akakunja karatasi ikawa ndogo kabisa, akaiingiza mkobani ili chembe zisianguke kwenye benchi la watu. Rada akamrudishia simu, imekubali moto. Mwanamke akasimama, kisha akakumbuka kitu, akamgeukia Tani kwa adabu, kama mtu anayeuliza njia.

— Samahani kaka, nimesikia nusu nusu. Jiko mnalifunga jua likizama, na mama yeye anatoka kazini taa zimewashwa. Sasa yeye chakula cha usiku anakula saa ngapi?

Hakimu alifungua mdomo.

— Kisheria... — alisema, akaufunga.

Birika akachungulia ndani ya birika lake, kama jibu lingekuwa limezama huko. Rada akawasha taa yake ndogo, akaizima. Mwanamke akadhani amevuka mpaka. Akaomba radhi, akaaga, akaenda zake.

Tani alibaki ameshika kikombe. Chakula cha nyumba ile hupikwa alfajiri na mkewe kabla hajatoka. Yeye Tani hukipakua alasiri, anakula peke yake mpaka anashiba, akijipongeza kwa kula mapema. Halafu anakuja kijiweni kulalamika njaa juu ya shibe. Jua likizama anarudi kutia kufuli. Alikumbuka ile jioni ya kwanza. Mkewe aliingia, akasimama mbele ya mlango wa jiko, akalishika kufuli kwa vidole viwili vilivyolainika kwa sabuni.

"Leo mapema, baba," alisema.

Naye alimjibu, tena kwa kujidai, "Asiyekuwepo na lake halipo." Mkewe alicheka. Usiku ule, na kila usiku baada yake, hakuuomba ufunguo. Alikwenda kula mkate bafuni, akafungua maji ili mume mwenye njaa asisikie.

Aibu ilimpanda Tani kuanzia magotini. Alisikia maneno ya Rada yakirudi: umepata jiko, kumbe unatafuta la kufunga. Wenzake walikuwa wakimtazama viatu.

— Nitilie nusu, — alimwambia Birika.

— Imekwisha, — alisema Birika, akaliinamisha birika lidondoshe machicha. — Na hata ingekuwepo, leo sukari nisingekupa. Umekunywa sukari ya wiki.

Jua lilikuwa limegusa mapaa. Hiyo ndiyo saa yake ya kuondoka kila siku. Akainuka, magoti yakalia, akautoa ufunguo shingoni ulikokuwa umefungwa kwa uzi wa kupigia mstari wa vigae, akautia mfukoni.

— Unakwenda kufunga? — aliuliza Hakimu, kwa mazoea tu, na papo hapo akatamani asingeuliza.

Simu ya Tani ikaita. Alikuwa shemeji. Sauti yake ilisikika mpaka kwenye kitasa, maana ni mtu wa kuongea kwa nguvu: yuko njiani, amempitia mzee mmoja wa ukoo kama shahidi, wakae waisikilize hiyo kesi ya dada yao.

Tani aliupapasa ufunguo mfukoni.

— Njooni, shemeji. Kesi ipo. Ila mshtakiwa amebadilika.

— Amebadilika kuwa nani?

— Njooni tu, — alisema Tani. — Na mje na njaa.

Akakata simu, akaondoka akichechemea, mbio mbio kwa kadiri magoti yalivyomruhusu, ili mkewe akifika akute mlango wa jiko uko wazi. Birika akakusanya vikombe. Hakimu alihamia juu ya kitasa mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu, akakaa hapo mpaka taa zikawashwa.