Picha ya Magodoro Sita

Benchi letu liko kwenye kona, mbele ya kibanda changu cha viatu. Ukitaka kujua nani kaoa, nani kafukuzwa kazi na nani anadanganya, kaa hapo kidogo tu. Mimi nashona huku nasikiliza. Shangazi, ambaye si shangazi wa mtu yeyote kati yetu, anauza kahawa pembeni. Profesa alikuwa mlinzi wa chuo, na elimu aliyonayo aliipatia getini. Kamera anapiga picha za pasipoti na za harusi. Asubuhi hiyo wote tulikuwa tumenuna. Jana yake tulipeleka magodoro sita, sabuni na sufuria kubwa kwenye kile kituo kilicho nyuma ya kiwanda cha matofali, kinacholea watoto walioteswa au kutelekezwa na watu wao. Tulikwenda na bango kabisa, lina majina yetu. Matroni akapokea vitu, akatushukuru mpaka tukaona haya, kisha akalikunja bango letu na kusema pale watoto hawapigwi picha.

— Magodoro sita, akasema Kamera, halafu hakuna hata shahidi. Ni sawa na kuoa kwa siri.

— Wahenga walisema mficha uchi hazai, akasema Profesa. Yule mama anafichaficha sana. Hata kibao getini hana. Kituo gani hicho kisicho na kibao?

— Labda hela ya kibao hana, nikasema.

— Fundi, wewe gonga misumari. Mtu asiye na kibao anakimbia kodi.

— Kodi ya nini? Kwani anauza watoto?

Profesa akapiga funda, akashusha sauti.

— Mimi sijasema. Umesema wewe.

— Koma, akasema Shangazi. Sufuria yangu iko mle. Mimi siwapikii wauza watoto.

— Basi tuseme hauzi. Basi pale pamejificha mkubwa fulani, rais wa nchi nyingine aliyepinduliwa. Watoto ni geresha tu.

— Rais mzima analalia godoro letu la sponji?

— Mwenye shida hachagui, Shangazi.

Kamera akacheka, akatoa simu mfukoni.

— Nani kasema hakuna picha? Nilijifanya naongea na simu, kumbe nabonyeza.

Tukainama wote. Kweli, picha nzuri. Magodoro yamepangwa mlangoni, Profesa kasimama kama aliyeyashona mwenyewe, na mbele yetu kabinti kadogo, mkono mmoja una plasta, mwingine umekumbatia mche wa sabuni.

— Huyu wa plasta ndiye atakayewaliza watu, akasema Kamera. Naitupa kwenye kundi la mtaa sasa hivi. Na msidhani natafuta sifa. Mle ndani watoto wanalala chini, vitanda hakuna. Watu wakiona sura, watatoa.

— Sufuria inaonekana? akauliza Shangazi.

— Ukingo.

— Basi tuma. Ukingo unatosha.

Profesa akaitazama tena ile picha.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu kavunjika mkono, maana yake alisikia nusu.

Tukacheka, Mungu atusamehe. Lakini kicheko changu hakikufika mbali. Mimi ndiye niliyempa ule mche wa sabuni. Nilipoinua mkono, alijikunyata na kujifunika uso. Nilidhani ni haya za kitoto. Usiku sikulala vizuri.

— Kamera, nikasema, matroni kakataza. Labda kuna mtu hatakiwi kujua mtoto yuko wapi.

— Mtu gani? Mzazi gani atachukia kuona mwanawe kapata godoro?

— Aliyemvunja mkono.

— Fundi, una roho ya mashaka wewe. Profesa, niandike nini chini?

— Andika, wema hauozi.

Alikuwa bado anaandika pale mwanamume mmoja alipovuka barabara na kuja kwetu. Shati limenyooka, viatu vimeng'arishwa, na viatu mimi ndivyo navyotazama kwanza. Akamwamkia Shangazi shikamoo, akatusalimu wengine mmoja mmoja, akaomba kahawa na kuketi mwisho wa benchi, karibu na Kamera. Mtu wa adabu, nikasema moyoni.

— Wazee wangu, nisaidieni, akasema. Naambiwa huku kuna kituo kinachochukua watoto wa watu. Nimezunguka tangu asubuhi, sioni kibao popote. Kiko wapi?

— Unamtafuta nani, mwanangu? akauliza Shangazi.

— Binti yangu. Ana miaka minane, mkono una plasta. Mtoto mbishi yule, anaanguka ovyo. Majirani wakaja wakamchukua, eti mimi namtesa. Yule bwana akatabasamu, akapuliza kahawa, akaendelea. Siwalaumu. Nataka arudi nyumbani tu. Mimi na yeye kuna maneno hatujayamaliza.

Kamera aliigeuza simu, ikatazama chini. Nilikiona kidole chake kikiifuta ile picha.

Shangazi akafungua kopo la sukari. Lilikuwa limejaa.

— Sukari imeisha, akasema. Mtunzeni mgeni, nakuja.

Duka liko kushoto. Yeye akashika kulia, njia ya kiwanda cha matofali. Shangazi ana miguu mibovu, kila siku analalamika magoti, na mwendo aliokwenda nao siku hiyo sijawahi kumwona nao.

— Mbona mmenyamaza? akauliza yule bwana. Nimewasikia toka kule mnabishana.

Profesa, mtu aliyetuhamishia rais mzima nyuma ya kiwanda, alikuwa anatazama ndani ya kikombe. Nikaogopa atataja njia, maana hajawahi kuulizwa kitu akasema hajui.

Akakohoa.

— Kituo, akasema. Ndugu yangu, hilo swali zito. Lazima tuanze na mtaa wenyewe. Hapa zamani palikuwa shamba.

— Palikuwa machimbo ya mchanga, akadakia Kamera.

— Shamba.

— Mchanga. Baba yangu alichimba hapa.

— Wote waongo, nikasema. Palikuwa kinamasi.

Tukabishana. Tulibishana kama watu waliolipwa, jasho linatutoka. Yule bwana akatusikiliza, mwishowe akaweka kikombe chini na kuinuka.

— Wazee, mimi sina haja na shamba. Nionyesheni njia tu.

Profesa akamshika mkono, kwa upole kabisa, akamrudisha kwenye benchi.

— Kaa kwanza, mwanangu, akamwambia. Hata barabara bado haijachongwa.