Tufe la Kwanza la Ishbel Tennant

Mchungaji Baird, ndugu, majirani wa Dalcairn, na ninyi wanaklabu mliokuja na makoti yenu ya klabu, familia imenituma mimi Effie, mtoto wake wa mwisho, nisome mbele yenu maisha ya mama yetu, naye angekuwa amekaa hapo mbele angeshaniashiria kwa mkono niharakishe.

Ishbel Rankine Tennant alizaliwa tarehe 9 Novemba 1938, katika chumba kilicho juu ya duka la viatu la baba yake, mtoto wa tatu kati ya watano, na bibi alikuwa akituambia kwamba mtoto huyu alianza kutembea kabla hajajua anakokwenda. Alianza shule hapa mjini mwaka 1943, akamaliza sekondari mwaka 1954, na taarifa zake za kila muhula zilisifu akili zake na kukilalamikia kiti chake, maana hakikaliwi.

Mwaka huohuo aliajiriwa posta kuunganisha simu za watu, kazi iliyomlazimisha kukaa, akaifanya kwa miaka minane huku miguu ikicheza chini ya meza. Tarehe 23 Juni 1962 alifunga ndoa na Archie Tennant, fundi saa, mtu mpole, katibu wa klabu yetu ya matufe, ule mchezo wa kuvingirisha mipira mizito kwenye nyasi, wakajaliwa kaka yangu Kenneth mwaka 1964, nami mwaka 1967. Baba alisema nyumbani kwake kulikuwa na vitu viwili visivyosimama, saa na Ishbel, na saa angalau zilikubali kurekebishwa.

Mwaka 1973 alichaguliwa mkuu wa mji, mwanamke wa kwanza kuvaa ule mnyororo wa dhahabu wa cheo hicho, na hapo ndipo shida ilipoanza. Mnajua wenyewe kwamba enzi zile hakuna aliyekanyaga nyasi zetu mwezi wa Aprili mpaka mkuu wa mji avingirishe tufe la kwanza na kutamka kwamba kiwanja kimefunguliwa. Mnajua pia kwamba tufe letu lina upande mmoja unaolivuta, wenye alama ndogo, na ukilishika kinyume linapindia kusikotakiwa. Mama, tarehe 14 Aprili 1973, mbele ya mji mzima, alilishika kinyume, tufe likatoka njiani, likaambaa kama mlevi, likatumbukia mtaroni, na wanaume wakacheka hadi wakafuta machozi, mmoja akisema kwa sauti kwamba ndiyo maana wanawake wanaachiwa birika la chai.

Hakulala vizuri mwaka ule mzima. Tarehe 20 Aprili 1974 alirudi na mnyororo wake, akalichukua tufe, akalikumbatia kifuani, akakataa kulirusha. Wanaklabu walikuwa wamejipanga ukingoni na viatu vyao vya soli bapa, manyunyu yakaanza, soseji zikapoa, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kutia mguu kwenye nyasi, kwa kuwa desturi ni desturi. Rais wa klabu wakati huo, marehemu Bwana Dugald Lockhart, alimsogelea.

"Mheshimiwa, watu wanasubiri."

"Hata mimi nasubiri, Dugald. Na wale walioko jikoni wamesubiri kuliko sisi sote."

Alitaka wanawake wawe wanachama kamili, wapige kura, wapewe ufunguo wa lango kama waume zao, tena pale pale, la sivyo kiwanja kitabaki kimefungwa mpaka majani yaanguke. Baba ndiye aliyekuwa amemshikia mwavuli. Alisimama katikati ya klabu yake na mke wake, uso umemwiva, kisha akahamishia mwavuli mkono wa kushoto na kunyoosha wa kulia kukubali, mkono wa kwanza kuinuka siku ile, na mingine ikafuata, mingi kwa ajili ya mvua kuliko kwa ajili ya haki. Mama akatamka maneno, akavingirisha tufe kwa furaha. Akalishika kinyume tena, likaenda mtaroni.

Mwaka uliofuata halmashauri ya mji ilivunjwa na cheo kikafutwa, hivyo hakupata nafasi ya tatu. Alicheza miaka arobaini, akatwaa ubingwa wa wilaya mara mbili, lakini matufe yale mawili yalimkera mpaka uzeeni, hata baada ya kumzika baba mwaka 2006.

Ndipo klabu ikamwomba afungue msimu huu. Kuanzia Januari alifanya mazoezi kwenye korido ya nyumba, ukuta una makovu. Februari moyo ukaanza kumsumbua, akalazwa, akawa anazungukazunguka wodini akimwomba daktari Jumamosi moja tu, hiyo ya kesho. Jumatano tarehe 3 Aprili 2019, alasiri, alinishika mkono, mimi ambaye sijawahi kucheza na wala sitaki.

"Alama ndogo iangalie ndani, Effie. Ndani."

Nilimwambia atarusha mwenyewe. Alinitazama kama mtu anayechelewa, na saa kumi jioni akafariki. Inaniuma, sitawaficha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani wa Mtaa wa Kanisa waliotuletea supu, wenzake wa posta, na ninyi wanaklabu mlioacha nyasi bila kukanyagwa. Kesho saa nane mchana nitalirusha tufe lake. Nimefanya mazoezi kwenye korido ile ile, na mara nyingi linaenda mtaroni. Mkitaka kucheka, chekeni, mlimcheka na yeye, ila nitakuwa na ufunguo wa lango mfukoni, ule wake.

Mama, leo hakuna anayekusubiri. Pumzika kwa amani, walau ujaribu.