Kumi na Tisa za Uwanja Uliopasuka

"Mikimbio kumi na tisa tu! Huyo mpigaji ameisha," alisema mzee Kiplangat, akimrudishia simu jirani yake garini.

Phelista, aliyeketi nyuma yao, hakujua kriketi ni mnyama gani. Lakini tangu Kitale alikuwa amesikia mara tatu kwamba Kiplangat huvuna magunia thelathini kwa ekari, na masikio yake yalikuwa yameshiba.

"Mzee, si uangalie uwanja kwanza," alijibu jirani huyo, Wekoye, aliyewahi kutunza uwanja wa kriketi wa shule moja. "Hii ni siku ya tano ya mechi, ardhi imepasuka. Mpira ukidunda hujui kama utakuja gotini ama shingoni. Wenzake wote wametolewa na mbili, tatu. Hiyo kumi na tisa inashinda mia moja ya uwanja laini, bana!"

"Ati mia? Hesabu ni hesabu. Hata mimi huko Kitale napimwa kwa magunia."

"Kitale? Huko si hata mpini wa jembe ukisahaulika shambani unaota!"

Gari likasimama Kimilili. Phelista, ambaye hupanda mahindi kwa ncha ya panga kwa sababu shambani kwake mlimani jembe hugonga mawe, alishuka, akajitengeneza kitambaa kichwani, kisha akainama dirishani.

"Mzee, mimi navuna magunia kumi na mawili. Njoo ulime kwangu msimu mmoja, halafu ndiyo tuhesabiane."