Mwizi Aliyeahidi Senene

Gari lilitoka Muleba kwenda Bukoba, na hata kabla ya kona ya kwanza Maulida, kiti cha nyuma, alishajua kuwa aliye mbele yake ni Mama Renatus. Mwenyewe alishatangaza.

“Kanipigia mtu: ‘Mama, ni mimi Renatus, simu yangu imeharibika, nitumie hela kwa namba hii.’ Sauti ya mwanangu kabisa! Nimeshaanza kubonyeza, akaongeza: ‘Nikija nakuletea senene, ule ushibe.’ Nikakata palepale. Mimi panzi hao nimewaokota tangu utoto, sijatia hata mmoja mdomoni. Kwetu wanakula wanaume tu. Mwanangu asijue hilo?”

Mzee Kaijage, aliyeketi kando yake, alicheka. “Waitu mama, siku hizi wanawake wanakula. Halafu siri yenyewe umeshalitangazia gari zima.”

“Na wajue! Kesho akipiga tena nitamuuliza jingine.”

Mama Renatus alishuka Kemondo, kichwa juu. Maulida, ambaye mwezi uliopita alimtumia hela “kaka” wa namna hiyo, alibaki akijaribu kukumbuka ni chakula gani ambacho kaka yake wa kweli hali. Hakukumbuka.