Mzee Joram Njenga Anaondoka, Najma Anabaki Nasi

Tarehe 31 Januari 2018 Mzee Joram Njenga anastaafu, baada ya miaka kumi na saba ya kuwatunza farasi wa banda letu la hapa Doha, njia ya Al Wakrah. Mudiri, yaani meneja wetu, amenipa mimi, Faraji, msaidizi wake Mzee Joram, kazi ya kuandika maneno ya kusomwa kwenye hafla, na akasisitiza niandike kwa furaha. Nitajitahidi. Lakini mniwie radhi wivu ukiniponyoka, maana kufanya kazi pembeni ya mtu anayependwa kiasi kile si mchezo.

Mzee Joram alikulia Molo, Kenya, kwenye baridi na tope la mwaka mzima. Sisi wa Tanga tulipofika Doha tulidhani kazi yetu kubwa itakuwa kuwakinga farasi na jua. Kumbe kuna majira ya baridi! Mvua ya hapa haiji mara nyingi, ila ikija inamwagika yote kwa mpigo, maji yanatuama, na ua wa mchanga unakuwa uji. Hapo ndipo kazi ilipo. Farasi akifungiwa siku nzima anapiga ukuta mateke na tumbo linamsokota. Akitolewa ovyo anateleza, au anashinda kwenye tope mpaka miguu inatoka vidonda.

Mwishoni mwa 2015 mvua zilituandama kweli kweli. Mudiri alikuwa anatafuta msimamizi wa banda, akatugawia farasi: safu ya kulia Mzee Joram, safu ya kushoto mimi. Cheo hicho nilikitaka jamani, nilikitaka mpaka usingizini. Wa kwangu niliwaweka ndani juu ya maranda mapya, nikiwatoa mara moja moja tu, na kila waliporudi niliwaosha miguu kwa mpira wa maji mpaka inang'aa. Wageni walikuwa wakiwapiga picha.

Wa Mzee Joram walionekana kama mafundi waliotoka kukandika nyumba. Aliwatoa kila siku wawili wawili, kwa zamu fupi. Majani makavu na ndoo za maji alizihamishia mbali na lango, ili wasisongamane pale na kulichimba kwa kwato. Wakirudi, yeye hawaoshi miguu. Anaacha tope likauke lenyewe, kisha analipukutisha kwa brashi huku akiwaimbia Kikuyu. Baada ya muda wa kwangu wakaanza kutoka vidonda miguuni, na kwato zikanuka. Wa kwake wanakula tu, wanene! Mimi mpaka leo nasema safu ya kulia imeinuka kidogo kuliko ya kushoto, na anayebisha aje na kipimo. Lakini cheo alipewa yeye, na mimi nikapewa usaidizi na mkono wa pole.

Tangu hapo niliona gere, sifichi. Milka, mpishi wetu, chapati ya kwanza kutoka kikaangoni ni ya Mzee Joram hata kama hayupo. Watoto wa mwenye banda wanamwita kwa jina lake, mimi wananiita sadiki tu, yaani rafiki, kama mpita njia yeyote. Naye si mtu wa kunyamaza na sifa zake. Kila Ijumaa, maana huku hata kanisa ni Ijumaa, akitoka kusali Abu Hamour anasimulia upya ile mvua ya 2015, na kila Ijumaa inanyesha zaidi.

Kilichoniuma zaidi ya vyote ni Najma, yule farasi jike wa kijivu. Siku ya tope Najma hakanyagi nje kwa mtu mwingine yeyote isipokuwa Mzee Joram. Na mudiri, nilipomuuliza kuhusu cheo mwezi huu, alinijibu waziwazi kwamba asiyeweza kumtoa Najma siku ya mvua hawezi kuachiwa banda zima. Akaongeza kwamba kuna mtu wa kule Al Thumama anaulizia nafasi hiyo.

Wiki iliyopita ikanyesha. Mzee Joram alikuwa amekwenda mjini kushughulikia tiketi yake, na mudiri akaja kusimama mlangoni na mwavuli. Nilivuta kamba, Najma akagoma. Nikabembeleza, akanipa mgongo. Niliona cheo kinakwenda Al Thumama hivi hivi. Basi nikafanya kile ambacho Mzee Joram amekuwa akinihimiza miaka yote nami nikimwona ananifundisha kazi mbele za watu: nililegeza kamba, nikatangulia mwenyewe kwenye tope, nikasimama kimya bila kumtazama.

Akaja! Polepole, mguu mmoja mmoja, akanusa kola yangu na kunipumulia shingoni. Wallahi machozi yalinilengalenga. Mudiri akafunga mwavuli, akasema cheo ni changu.

Mzee Joram, ahsante kwa kazi, kwa uvumilivu, na kwa kuniachia banda lenye farasi wazima. Nyumbani Molo ukapumzike, ule viazi vyako, na Mungu akupe afya na wajukuu wanaosikiliza hadithi ya mvua. Wafanyakazi wote wa banda wanakutakia maisha mema, na mimi nakutakia kwa moyo mmoja, hata moyo wenye gere ni moyo.

Ila nina ombi moja. Siku ile ile ya mvua, uliporudi kutoka mjini na kushuka kwenye teksi, ulikohoa tu, na Najma aliniacha katikati ya tope nimeshika kamba tupu akakukimbilia wewe. Tafadhali, mzee wangu, ukija kutuaga, agia ofisini. Bandani usifike.