Arkhip Trofimovich, Aliyewaimbia Wazazi wa Wenzake

Marehemu Arkhip Trofimovich Urasinov alizaliwa tarehe 14 Februari 1951 hapa Vuzhgurt, wilaya ya Alnashi, kitinda mimba wa Trofim na Nastasia. Mimi dada yake Fevronia ndiye niliyembeba mgongoni, na haya ninayasoma mwenyewe. Msomaji wa kuazima simtaki.

Alisoma hapa kijijini mpaka darasa la nane. Akaenda jeshini Chita, akarudi mwaka 1971, akawa fundi wa matrekta ya kolkhozi, shamba letu la ushirika, mpaka kolkhozi yenyewe ilipokufa. Trekta ilimtii. Ng'ombe hawakumtii hata siku moja.

Mwaka 1989 baba yetu alifariki. Kwa mliotoka mjini: kwetu mzazi akishakufa, watoto humpa kichwa na miguu. Baba hupewa vya farasi, mama vya ng'ombe. Mifupa hupakiwa kwenye sleji, gari la kuteleza thelujini, yenye kengele, ikapelekwa kwenye msonobari nje ya kijiji, na huimbwa wimbo wa harusi, maana huko aliko nako kuna sherehe. Asiyepewa huja ndotoni kudai. Farasi tulikuwa naye, wimbo hatukuwa nao. Waliouweza walishazikwa, waliobaki waliona haya. Arkhip akawasha pikipiki yake yenye kigari cha ubavuni, akazunguka vijiji na kinasa sauti mpaka akampata bibi mmoja aliyemfundisha. Nami akanifundisha. Baba akaimbiwa.

Tangu hapo hakutulia. Hakuna ofisi iliyomtuma, alijituma. Waliofiwa walimwita kutoka pande zote, naye akaenda, matope na baridi. Mwana mmoja wa Izhevsk alimletea mama yake kichwa cha farasi, akidhani ndiyo heshima zaidi. Arkhip akamtazama weee, akasema, "Mwanangu, mama yako kakamua ng'ombe maisha yake yote. Huko unataka akamue farasi kama Wabashkiri wanaokunywa maziwa yake?" Kijana akarudi sokoni, wimbo ukamngoja.

Kwenye sheria alikuwa mgumu, na ugumu huo ni wa ukoo wetu. Mzee Ignati aliomba kumpa kichwa na miguu mwanawe aliyekufa kwa kuzama. Arkhip alilia naye, kisha akakataa. "Mkubwa hampi mdogo, mzee wangu. Nikiligeuza hilo, hata niliyowafanyia wengine yatakuwa mchezo."

Hakuoa. Nilimwambia, "Oa, wewe. Nani atakupa kichwa na miguu?" Akanijibu, "Dada, mwanamke gani atapanda kigari changu na kichwa cha ng'ombe mapajani?" Tukacheka, miaka ikaenda.

Mwezi Agosti kiharusi kilimchukua upande wa kulia na maneno yote. Hata maji hakuweza kuyataja. Kilichobaki ni sauti ya wimbo ule, bila maneno. Aliuimba akinitazama, ukiisha anauanza tena. Nilimwelewa. Nikamwambia, "Nimesikia, mdogo wangu. Lakini mimi mkubwa wako. Sheria unaijua, uliishika mwenyewe." Akageukia ukutani. Baadaye akautafuta mkono wangu kwa mkono wake mzima, akaushika. Hakuimba tena. Alifariki nyumbani tarehe 3 Novemba 2023, asubuhi, theluji ya kwanza ikianguka.

Ameacha kaseti kabati zima. Wataalamu wamesema wataziingiza kwenye kompyuta, hazitapotea. Haya. Kaseti si mtoto.

Ameacha dada mmoja, mimi. Mke hakuacha, mtoto hakuacha. Vijana aliowafundisha wapo hapa wanalia, lakini kila mmoja ana baba yake, na pasipo mtoto wa kutoa hakuna wimbo. Sleji ipo bandani, kengele zipo, wimbo ninaujua wote na sauti bado ninayo. Haki ya kumwimbia ndiyo sina.

Mdogo wangu, udongo ukulalie mwepesi. Pumzika kwa amani, kama utaweza. Ukinijia ndotoni kudai, nitakufungulia mlango. Mkononi sitakuwa na kitu.