Albano Hakubemendwa

Ndugu, jamaa na majirani, wapo waliosema mtoto wa wiki saba hana wasifu. Albano Adelard Nandonde anao, na mama yake ameomba usomwe wote.

Marehemu alizaliwa Manzese, Jumapili tarehe 3 Machi 2024, mtoto wa kwanza wa fundi seremala Adelard Nandonde na mkewe Yustina. Kila alichonyonya kilirudi na mapovu, kwa kuwa umio wake ulikuwa umeziba. Tarehe 5 Machi alipasuliwa ubavuni, njia ikaunganishwa. Pasaka ilimkuta nyumbani, ananyonya.

Wauguzi walikuwa wameagiza alale kichwa kikiwa juu. Baba yake akakata vipande viwili vya mbao ya mninga, akavipachika chini ya miguu ya kitanda, upande wa kichwani.

"Baba Albano, mie si nitateleza mpaka mlangoni?" Yustina alimuuliza.

"Teleza tu. Mtoto kwanza."

Marehemu hakusoma, hakuajiriwa, hakuoa. Kazi yake ilikuwa kunyonya, na aliifanya kwa bidii. Baada ya Pasaka kazi hiyo ikaanza kumshinda. Alimaliza titi, kisha maziwa yakaruka hadi ukutani, meupe vilevile, na hapohapo akalilia titi tena. Kabla hajatapika, mama yake aliona kitu kikitembea chini ya ngozi ya tumbo, kutoka kushoto kwenda kulia, kama ngumi inayotafuta pa kutokea. Zahanati walitazama kovu, wakasema waliopasuliwa umio hucheua, itapita.

Nyumbani likapatikana jibu jingine. Shangazi yake, Monica, alilitoa uani mbele ya wapangaji.

"Huyu kabemendwa. Wazazi wamekutana kimwili mtoto angali mbichi. Hamuoni alivyo na uso wa kizee?"

"Wifi, hatujagusana tangu nijifungue."

"Kama si nyie wawili, basi mmoja wenu katoka nje."

Mtoto akaogeshwa majani. Yustina akakatazwa kumpakata mpaka dawa iishe. Aliletewa wakati wa kunyonyesha tu, kisha shangazi akamchukua. Albano akakonda, nepi zikawa zinabaki kavu.

Mjomba wake, Augustine, alipofika kutoka Bunju, Yustina alimwonyesha video ya lile tumbo kwenye simu. Wakamchukua mtoto bila kuaga, wakampeleka hospitali. Daktari aliitazama video mpaka mwisho.

"Njia ya kutoka tumboni imeziba, msuli wake umenenepa," alisema. "Hutokea hata kwa mtoto anayepona upasuaji mwingine, ndiyo maana watu hulaumu kovu. Mama hahusiki. Tunampasua, anapona. Ila kakauka mno, lazima kwanza tumrudishie maji na chumvi."

Maji yalikuwa bado yanaingia mshipani, alfajiri ya tarehe 24 Aprili, moyo wake uliposimama.

Isikike basi, hata kwa waliokaa nyuma: Albano hakubemendwa. Alikufa kwa ugonjwa unaotibika, huku sisi tukitafuta mkosaji. Mtoto wa jirani akitapika hivi kesho, msiulize wazazi wake wamelala vipi. Mpelekeni hospitali.

Kitanda bado kimeinuka upande mmoja. Yustina amekataza vile vipande visiondolewe. Jana aliweka kiganja juu ya khanga ya mtoto iliyokunjwa hapo, akaomba watu wanyamaze, akasema inatembea kama lile tumbo.

Jioni wazee walisema mama haendi makaburini. Monica akaja kukaa mkekani karibu naye.

"Wifi, kesho mbebe mwenyewe. Mie nimembeba ya kutosha."

Marehemu ameacha baba, mama, shangazi Monica na mjomba Augustine. Jeneza lake ni jepesi. Litabebwa na Yustina hadi kaburini, na tunaomba apishwe njia.

Pumzika kwa amani, Albano, ukiwa umeshiba.